Siku Ishirini na Nane za Kwanza

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kunena juu ya jambo ambalo wengi hulisema kwa kunong'ona, nalo ni mtoto azaliwaye na mgongo wazi. Mara nyingi mama yake hutupiwa lawama: huyu asema amerogwa, yule asema alivunja mwiko. Sisi twaona si haki, maana jambo hili hutokea mapema mno, hata mama mwenyewe huenda hajajua kuwa ana mimba.

Ubongo wa mtoto huanza kama kibapa chembamba, katika wiki ya tatu tangu mimba kutunga. Kingo zake mbili huinuka, zikainamiana, zikakutana na kushikamana, kama mtu akunjavyo jani likawa bomba. Upande wa juu wa bomba hilo huwa ubongo, na sehemu iliyobaki huwa ugwe upitao ndani ya mifupa ya mgongo. Kazi hii hukamilika siku ya 28 hivi. Ukisalia uwazi chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na huenda miguu yake ikakosa nguvu. Ukisalia juu, ubongo haukui, wala mtoto haishi.

Kazi ya haraka namna hiyo yahitaji vitamini moja ya jamii ya B, iitwayo foleti. Pasipo hiyo chembe za mwili haziwezi kugawanyika sawasawa.

Aliyetangulia kuinusa njia hiyo ni Bibi Lucy Wills, daktari Mwingereza, aliyekwenda Bara Hindi mwaka 1928 kuchunguza waja wazito waliopungukiwa damu. Mwaka 1931 alieleza kuwa waliponywa kwa Marmite, kitu cheusi cha hamira ambacho Waingereza hupaka mkate (si wote wakipendao!). Yeye alitafuta dawa ya damu tu. Habari za ubongo zilithibitika mwaka 1991, katika jaribio la nchi 7: wanawake waliokwisha kupata mimba yenye kasoro hii walimeza asidi ya foliki kabla ya kushika mimba nyingine, na hatari ya kurudiwa ikapungua kwa asilimia 72. Haikwisha yote, hata mama alaye vema huweza kupatwa.

Foleti imo katika mchicha, majani ya kunde, maharage na choroko. Lakini ampikaye mchicha muda mrefu, kisha akamwaga maji, humwaga na foleti. Tena mboga peke yake mara nyingi hazitoshi: madaktari hushauri kidonge cha mikrogramu 400 kila siku, tangu mwanamke atakapo mimba hata wiki ya 12. Kidonge kianzwacho mwezi wa nne chafaa damu ya mama, lakini bomba lile limekwisha fungwa zamani.

Kwa sababu hiyo Marekani tangu 1998 hutia vitamini hii katika unga, na Kenya na Tanzania zina sheria ya namna hiyo kwa unga wa viwanda vikubwa. Unga usagwao katika mashine ya kijijini kwa kawaida hautiwi kitu. Basi mwanamke alaye unga huo aulize kliniki mapema. Na yule aliyekwisha kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi amwone daktari kabla ya kushika mimba nyingine, kwa kuwa kipimo chake ni kikubwa zaidi, wala si cha kujikadiria nyumbani.