Unauza paipu za kupozea oili ya giaboksi? Uliza maswali haya 5 kabla ya kupokea pesa

Posti hii nimewaandikia mnaouza spea za magari kwa WhatsApp na Instagram kama mimi. Kama unauza kitu kingine, soma pia, kwa sababu kuuliza kabla ya kuuza kunalipa kwenye biashara yoyote.

Mteja anakuandikia: "Kaka, una paipu za kupozea ATF za pikapu? Za kiwandani zinavuja, nataka nifunge za kudumu." Muuzaji mwenye haraka anajibu: "Zipo boss, tuma hela na ya mzigo." Mzigo unapanda basi, unafika Mbeya, fundi anajaribu, haufungi. Hapo mteja akiomba arudishe, una bahati. Kibaya ni pale fundi anapolazimisha, anazungushia tepu nyeupe, gari inatoka gereji ikionekana kavu, halafu inakwenda kupanda Kitonga na tani yake mgongoni.

Tuelewane kwanza unauza nini. Giaboksi ya otomatiki inazalisha joto jingi, hasa gari ikiwa na mzigo na inapanda mlima polepole. Pampu iliyo ndani yake inasukuma oili ya moto kwenda kupoa, ama ndani ya rejeta ama kwenye kipoza oili cha pembeni, kisha oili inarudi. Kwa hiyo kuna paipu mbili, ya kwenda na ya kurudi. Moja ikichomoka injini ikiwa inaunguruma, pampu haijui. Inaendelea kumwaga oili barabarani, na ndani ya dakika chache giaboksi inabaki kavu na kuungua. Oili ikirukia ekzosi ya moto, unaweza kuwa moto kabisa. Fitingi ni kitu kidogo cha bei ndogo, lakini inalinda kitu ambacho mteja akikipoteza, biashara yake inasimama.

Haya ndiyo maswali yangu. Siombi pesa kabla sijapata majibu.

1. Gari gani, na ncha zote mbili zikoje?
Jina la gari pekee halitoshi. Omba picha ya pale paipu inapoingia kwenye giaboksi na pale inapoingia kwenye rejeta au kipoza. Mara nyingi ncha hizo hazifanani. Gari nyingi zina ncha za kuchomeka zinazoshikwa na klipu ndogo ya waya na o-ringi. Hizo huwezi kuzifungia fitingi ya meno moja kwa moja, inatakiwa adapta. Ukimuuzia paipu bila adapta, umemuuzia nusu ya kazi.

2. Kipenyo ni ngapi?
Fitingi nyingi za kuboresha paipu hizi zinauzwa kwa namba za AN, mfumo uliotoka jeshini Marekani. Namba inasoma inchi kwa sehemu za 16. AN-6 ni 6/16, yaani 3/8 ya inchi, kama milimita 9.5. AN-8 ni nusu inchi, kama milimita 12.7. Namba hiyo inafuata kipenyo cha nje cha paipu ya chuma, wala si upana wa meno. Mwambie mteja apime kwa kalipa, asikisie kwa jicho. Na asinunue kubwa kwa kudhani ndiyo bora: kama tundu la kipoza ni dogo, paipu nene haitapitisha oili zaidi ya tundu lile.

3. Inaziba kwa mdomo au kwa meno?
Hapa ndipo wengi wanapigwa. AN inaziba kwa mdomo wenye koni ya digrii 37. Kuna fitingi nyingine za digrii 45. Kwa macho ni ndugu, lakini ukizikutanisha hazizibi vizuri hata ukaze mpaka spana ilie. Fitingi za namna hii hazihitaji tepu. Tepu haisaidii kitu pale, na vipande vyake vinaweza kuingia kwenye oili.
Halafu kuna zinazoziba kwa meno yaliyochongoka, kama NPT ya Marekani. Ukichukua NPT ya robo inchi, ina meno 18 kwa inchi. BSP ya robo inchi, ambayo imejaa kwenye maduka yetu, ina 19. Moja ndani ya nyingine inaingia mizunguko michache kisha inakaza, fundi anafikiri imekubali. Haijakubali, imeharibu meno.

4. Mpira wa aina gani?
Mpira wa maji ya rejeta ni mwiko. Mingi inatengenezwa kwa EPDM, na EPDM ikikutana na oili inavimba na kulainika. Uza mpira ulioandikwa ubavuni kwamba ni wa kupozea oili ya giaboksi. Kuna wenye alama ya SAE J1532, huo ndio kazi yake. Ukiuza wa tefloni, uza na fitingi zake za tefloni. Fitingi za mpira wa kawaida hazishiki tefloni hata kama namba ya AN ni ileile. Rangi nyekundu na bluu za fitingi ni urembo tu, zisikupangie bei.

5. Unapita wapi, na urefu gani?
Apime njia kwa kamba, aongeze kidogo kwa ajili ya kona na mtikisiko wa injini. Mpira usiguse ekzosi, usisuguane na chesisi, usikunjwe kona kali. Mpira ukishakatwa haurudishwi dukani, kwa hiyo vipimo vyake nitumiwe kwa maandishi.

Sasa kwenye tangazo lako. Weka picha ya fitingi ikiwa kando ya rula. Andika namba ya AN, digrii, aina ya mpira, urefu, na idadi ya vipande. Andika "seti kamili" pale tu ambapo ncha zote nne zina pa kufungia. Ukiandika "inaingia gari zote", umejitafutia simu za usiku.

Mzigo ukiondoka, mimi namtumia mteja ujumbe huu, unaweza kuuchukua: "Boss, mwambie fundi apulize mpira ndani baada ya kukata, uchafu usiingie kwenye giaboksi. Mkishafunga, washeni gari, pitisheni gia zote, angalieni kila maungio. Pimeni oili kama kitabu cha gari kinavyosema na ongezeni iliyopungua. Kesho yake angalieni tena chini ya gari kabla ya kubeba mzigo."

Maswali haya yatakupotezea wateja wachache wasio na subira. Waache waende. Anayekujibu yote matano ndiye ambaye gari lake ni mkate wa watoto, na likifika salama, atawaambia madereva wenzake alinunua wapi.

Hifadhi posti hii, na umtumie mwenzako anayeuza spea. Una swali la ukubwa au la meno? Tupia picha kwenye komenti, tuangalie pamoja.