"Malaika" ya Fadhili, ya Makeba, ya Boney M.: mwenyewe nani?

Mtoto wa Chikongola akiusikia "Malaika" kwenye simu ya mama yake, huenda akadhani ni wimbo wa Boney M. Si kosa lake. Kundi hilo la disko kutoka Ujerumani liliurudia mwaka 1981, na Angélique Kidjo wa Benin akaurudia mwaka 1991. Kabla yao, Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuweka kwenye albamu yao ya mwaka 1965.

Aliyeurekodi mapema, Nairobi, ni Fadhili William, Mkenya. Lakini wapo wanaosema mtunzi ni Adam Salim, Mtanzania. Ubishi huo si wa sifa tu: jina lililoandikwa kwenye santuri ndilo linalolipwa.

Bando likiruhusu, wapigieni watoto wa Fadhili kisha wa Boney M. Kwa Fadhili gitaa ni jepesi na sauti ina huzuni. Kwa Boney M. ni kucheza tu. Wengine huwabembelezea vichanga, maana kichanga naye huitwa malaika. Ila anayelia humo ni kijana aliyekosa mahari. Mtoto akiuliza kwa nini kukosa fedha kumzuie mtu kuoa, huenda majibu ya baba na mama yasifanane.