Je, Mtoto Aliyeanguka Atahitaji Kupasuliwa?

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anaanguka kutoka mgongoni mwa dada yake katika kata ya Bugomora, wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Analia, ananyamaza, kisha ananyonya. Je, asafirishwe hadi Hospitali ya Bugando, Mwanza, mamia ya kilomita kutoka hapo? Kumpeleka bure ni gharama kubwa kwa mkulima wa ndizi na kahawa; kutompeleka, ikiwa damu inavuja ndani ya fuvu, huenda kukamgharimu mtoto uhai.

Hatari yenyewe ni hii. Mfupa wa panjani ni mwembamba, na kwa ndani umepakana na mshipa wa ateri. Mfupa ukivunjika, mshipa waweza kukatika, na damu ikajikusanya kati ya fuvu na utando wa ubongo. Kwa mtoto mchanga mishono ya fuvu haijaungana na utosi bado ni laini. Hivyo fuvu hupanuka kidogo na kuficha msongo kwa muda. Isitoshe, mtoto huyo hawezi kusema kwamba kichwa kinamuuma.

Mwaka 2009 Nathan Kuppermann na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 42,412 katika hospitali 25 za Marekani. Wote walikuwa na alama 14 au 15 katika kipimo cha fahamu kilichobuniwa Glasgow mwaka 1974, ambacho ukomo wake ni 15. Waliohitaji kupasuliwa ubongo walikuwa 60 tu, yaani takriban mmoja katika kila 700. Kuwapiga wote picha za CT kungekuwa kuwatia mionzi bila sababu, na mwili unaokua hudhurika zaidi kwa mionzi kuliko wa mtu mzima.

Kwa walio chini ya miaka miwili zilipatikana dalili sita. Mbili ndizo nzito: fahamu zilizovurugika, na mfupa uliovunjika unaosikika kwa vidole. Nyingine ni uvimbe wa kisogoni, panjani au ubavuni mwa kichwa (nundu ya paji la uso, inayowatisha wazazi wengi, haimo). Kuzirai kwa sekunde 5 au zaidi. Ajali ya nguvu, kama vile kuanguka kutoka zaidi ya sentimita 90. Na neno la mzazi kwamba mtoto hatendi kama ilivyo kawaida yake. Hiyo ya mwisho yastahili kuangaliwa: macho ya mama yamepewa nafasi katika orodha moja na vidole vya daktari. Hakuna hata moja kati ya sita inayohitaji umeme.

Kanuni hiyo ilipojaribiwa, watoto 1,176 wa umri huo hawakuwa na dalili hata moja, na hakuna kati yao aliyekutwa na jeraha kubwa la ubongo. Lakini nguvu yake ni kuondoa shaka, si kuthibitisha ugonjwa. Hata mwenye mojawapo ya zile dalili nzito, uwezekano wa jeraha kubwa ni kama 4 katika 100. Kwa zile nyingine haufiki hata 1. Ndiyo maana mwenye dalili moja nyepesi mara nyingi huwekwa chini ya uangalizi kwa saa 4 hadi 6 tangu aanguke, na hupelekwa mbele haraka akizidi kusinzia, akitapika mara kwa mara au utosi ukivimba.

Sentimita 90 zaweza kuhesabiwa darasani. Kitu kinachoanguka kutoka kimo hicho hufika chini kwa mwendo wa mita 4.2 kwa sekunde, karibu kilomita 15 kwa saa. Mgongo wa mama aliyesimama hupita kimo hicho. Mgongo wa dada wa miaka tisa sharti upimwe kwa rula.