Kambale wa Bahi: mtaji unaopanda mto na mvua

CHANG'OMBE, kata iliyo ndani ya Jiji la Dodoma, haina ziwa wala mto wa kudumu. Hata hivyo, mlaji wa huko anayependa kambale hana haja ya kungoja mzigo kutoka Mwanza. Kilometa zipatazo 60 magharibi mwa jiji liko bonde la Bahi, ambako watu wamevua kwa miaka mingi katikati ya mkoa unaojulikana zaidi kwa ukame, zabibu na mifugo.

Bonde hilo hupokea maji ya Mto Bubu, unaoteremka kutoka upande wa Kondoa, kaskazini. Maji hayo hayana njia ya kwenda baharini. Hutandaa wakati wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, kisha hupungua kwa jua kali hadi kubaki madimbwi. Miaka ya ukame, sehemu kubwa hukauka kabisa.

Ndiyo maana wengi wa Bahi ni wakulima na wavuvi kwa zamu. Maji yakija hulima mpunga, na jembe likipumzika huchukua ndoana, nyavu au mgono, mtego uliosukwa kwa fito. Samaki ni fedha ya ada ya shule na mafuta ya taa wakati mavuno bado yako shambani.

Samaki wawili, tabia mbili

Samaki wanaotegemewa ni perege na kambale. Perege jike hutunza mayai na vifaranga mdomoni, lakini hufa upesi maji yanapokosa hewa. Kambale ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, hivyo huweza kuishi kwenye dimbwi la tope ambalo perege hawezi kulivumilia.

Lakini kambale ana udhaifu wake. Mvua za kwanza zinapoanza kujaza mto, hupanda na kuingia kwenye majani yaliyofurika ili kutaga. Jike mmoja mkubwa hutaga makumi ya maelfu ya mayai, kisha huyaacha bila ulinzi.

Hapo ndipo hasara huanza. Mgono ukizibwa mto mzima wakati huo, mvuvi hupata samaki wanono wenye mayai na kufurahia bei. Alichouza, hata hivyo, si faida bali mbegu ya msimu ujao. Ni sawa na mkulima anayepika mtama aliotenga kwa kupanda. Hasara ya pili huja kiangazi, pale dimbwi la mwisho linapokombwa hadi kifaranga.

Kinachowezekana

Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza matumizi ya sumu na baruti, na inatoa nafasi kwa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, maarufu kama BMU. Lakini askari wa uvuvi hawezi kusimama kwenye kila kijito. Kijiji kinaweza kukubaliana mambo matatu yasiyo na gharama: kuacha nusu ya mto wazi mvua zinapoanza, kutovua dimbwi moja lenye kina, na kurudisha majini vifaranga walionaswa.

Wakulima wa mpunga nao wanahusika, kwani maji yote yakigeuziwa mashambani, kambale hana pa kupanda. Bahi ikikosa samaki, mchuuzi wa Chang'ombe ataagiza kwingine kwa nauli kubwa zaidi. Mvuvi wa Bahi hana kwingine pa kuagiza.