Papa Atembeaye, Yai Lisilo na Miguu

Maji yakipwa usiku kisiwani Heron, kusini mwa Great Barrier Reef huko Australia, samaki wengi wanakuwa wameshafuata kina. Papa mmoja mdogo hubaki. Kwa kawaida hafiki mita moja, na nyuma ya kichwa, kila upande, ana doa kubwa jeusi lililozungushiwa weupe. Wataalamu humwita Hemiscyllium ocellatum. Huyu hutembea: hukanyagia mapezi yake, akapenya kwenye matumbawe na hata kuvuka mwamba uliokauka hadi kidimbwi cha pili, akisaka minyoo na kaa.

Vidimbwi hivyo si mahali pa kukaa. Vimetengwa na bahari, na gizani mwani hautoi oksijeni, ilhali kila kiumbe kilichonaswa humo kinaendelea kuitumia iliyobaki. Papa wetu hupunguza mapigo ya moyo, hushusha shinikizo la damu na kuzipumzisha baadhi ya sehemu za ubongo. Katika majaribio amestahimili zaidi ya saa tatu ndani ya maji yenye asilimia 5 tu ya oksijeni ya kawaida. Mimi na wewe tungeshazikwa.

Basi ugumu wote huo ni wa mkubwa. Jike hutaga mayai mawili kwa mpigo, kila moja ndani ya kifuko kigumu cha rangi ya kahawia, kisha anakwenda zake. Kitoto kitaishi kwa kiini kwa miezi kadhaa. Kikikua, kifuko hufunguka mianya, nacho hupunga mkia ili kujivutia maji mapya. Maji yakipata joto, hakina pa kukimbilia.

Mwaka 2021 watafiti walioongozwa na Carolyn Wheeler walichapisha matokeo ya kuyalea mayai haya katika nyuzijoto 27, 29 na 31. Kwenye 27, ambalo ndilo joto la kawaida la kiangazi huko, watoto walianguliwa baada ya siku kama 125. Kwenye 31 walitoka kwa siku 100 hivi. Ungedhani ni heri, kumbe kiini walikimaliza mapema, wakatoka wadogo na wachovu, wakilazimika kuwinda karibu papo hapo, kabla hawajajifunza mawindo.

Spishi hii bado haihesabiwi miongoni mwa papa walio hatarini. Lakini hesabu za wanasayansi zinaonyesha kwamba nyuzi 31 zinaweza kuwa kiangazi cha kawaida pale kabla karne hii haijaisha.