Goti bandia likipata maambukizi: pimwa kabla ya kumeza dawa

Mtu aliyewekewa goti bandia Maputo, Dar es Salaam au kwingineko anaweza kuishi nalo vizuri kwa miaka mingi. Lakini watu wachache, kama 1 au 2 kati ya 100, hupata maambukizi. Ikiwa wewe au mzee wako mnaishi Afungi, Quitunda au Palma na goti la namna hii, soma maelezo haya.

Dalili ni zipi?

- Goti linavimba na kuwa la moto.
- Maumivu yanaongezeka, hata ukipumzika.
- Kovu linatoa majimaji au usaha.
- Homa, ingawa si kila mgonjwa huipata.

Dalili zinaweza kuanza wiki chache baada ya upasuaji, au hata baada ya miaka, bakteria wakipita kwenye damu kutoka kwenye kidonda au jino bovu.

Kwa nini vidonge peke yake havitoshi?

Bakteria hung'ang'ania chuma na plastiki, kisha hujifunika utando. Dawa haiwafikii vizuri. Antibayotiki za dukani zinaweza kukupa nafuu ya siku chache, kisha ugonjwa ukarudi. Pia zinaweza kuharibu kipimo cha maji ya goti, na daktari akashindwa kujua dawa inayofaa.

Hospitali hufanya nini?

Maambukizi yakigunduliwa mapema, daktari anaweza kufungua goti, kulisafisha na kubadilisha kipande cha plastiki tu. Yakikawia, mara nyingi upasuaji huwa wa awamu mbili. Kwanza, goti bandia hutolewa na nafasi yake huwekwa saruji maalumu yenye dawa. Mgonjwa hutumia antibayotiki kwa wiki 6 hivi. Maambukizi yakiisha, huwekewa goti jipya.

Ufanye nini?

Nenda kituo cha afya, useme mara moja kwamba una goti bandia, na uombe rufaa. Kwa kaskazini, hospitali kubwa ziko Pemba na Nampula. Beba karatasi zako za upasuaji. Kama zilipotea ulipokimbia Palma mwaka 2021, taja hospitali na mwaka uliofanyiwa upasuaji. Picha ya eksirei itaonyesha goti lenyewe.

Ukitetemeka kwa homa kali au mgonjwa akichanganyikiwa, hiyo ni dharura. Msisubiri kesho. Hapo mhudumu wa afya anaweza kuanza dawa papo hapo.