Mwili Ndio Kipimo cha Nyumba

Ndugu msikilizaji, siku moja nilimpeleka mama yangu kwenye zahanati iliyokuwa imefunguliwa karibuni. Jengo lilikuwa zuri, rangi inang'aa na sakafu ni ya vigae. Walakini dirisha la kutolea dawa lilikuwa juu mno. Mama, ambaye mgongo umekwisha kumpinda, alilazimika kuinua mkono na kupapasa ili apokee vidonge asivyoviona. Pa kukaa hapakuwapo. Wagonjwa waliegemea ukuta, na jua la saa nane likawafuata hapo hapo ukutani. Nikajiuliza: huyu aliyelichora jengo hili, je, amewahi kusimama hapa akiwa na homa?

Swali hilo si geni. Wapo mume na mke mmoja wa Marekani walioishi nalo karibu maisha yao yote, na leo nataka tuwaangalie hao. Mume alikuwa Lawrence Halprin, msanifu wa bustani na viwanja vya miji, aliyezaliwa mwaka 1916 na kufariki mwaka 2009. Mkewe, Anna Halprin, alikuwa mwalimu wa dansi. Yeye alizaliwa mwaka 1920 na kufariki mwaka 2021 akiwa na umri wa miaka 100. Makazi yao yalikuwa Kentfield, kaskazini ya San Francisco, kwenye miteremko ya mlima Tamalpais.

Mwaka 1954 Lawrence, akisaidiana na Arch Lauterer, mbunifu wa majukwaa ya maonyesho, alimjengea mkewe jukwaa la mbao chini ya nyumba yao. Jukwaa hilo halikuwa la mraba. Lilipinda huku na huku kuifuata miti iliyokuwapo, wala halikuwa na paa, pazia, mbele wala nyuma. Mcheza dansi aliyezoea ukumbi wa mjini alipopanda hapo alijikuta hajui aelekee wapi. Upepo ulimsukuma, kivuli kilihama, ndege alipita juu yake. Anna akang'amua jambo ambalo baadaye lilikuwa msingi wa kazi yake: ukibadili mahali, umekwisha kuubadili mwili uliomo.

Kutoka hapo akaanza kuzitazama upya kazi za kila siku. Kuoga, kuvaa, kula, kubeba mzigo: haya tunayatenda kila siku, na kwa kuwa tunayatenda kila siku hatuyaoni. Mwaka 1960 vijana kadhaa walikwenda kusoma kwake wakati wa kiangazi, miongoni mwao Simone Forti, Yvonne Rainer na Trisha Brown, ambao baadaye walipata sifa kubwa katika dansi ya Marekani. Zoezi moja la Trisha Brown lilikuwa kufagia jukwaa. Aliusukuma ufagio kwa nguvu hata mwili wake ukaruka hewani kuufuata mpini. Waliokuwapo walilisimulia jambo hilo kwa miaka mingi. Na ulikuwa ufagio tu, ndugu msikilizaji.

Sasa, mke alikuwa na mwili na mume alikuwa na majengo. Hivyo basi wakaamua kuzichanganya kazi zao. Mwaka 1966, kisha mwaka 1968, na tena mwaka 1971, waliitisha warsha za kiangazi. Waliwakusanya wasanifu majengo, wacheza dansi na watu wa fani nyingine, wakae na kufanya kazi pamoja kwa majuma kadhaa. Warsha ya mwaka 1968 ilichukua siku 24. Hawakukaa darasani kusikiliza mihadhara. Walipewa maandishi mafupi ya mwongozo, kama vile mpiga muziki anavyopewa noti, kisha wakaenda kuyatenda.

Nitatoa mifano mitatu. Wa kwanza, walifungwa macho kwa vitambaa, wakaambiwa watembee kwa mstari, kila mmoja akimgusa aliye mbele yake. Msanifu aliyezoea kulipima eneo kwa jicho na rula alilazimika kulijua kwa nyayo, kwa harufu na kwa joto la jua usoni. Wa pili, walitawanywa katika mitaa ya San Francisco, kila mtu na ratiba yake, watazame jinsi watu wanavyotembea, wanavyongoja na wanavyopanda magari ya umma. Wa tatu, walikwenda pwani ya Sea Ranch, zaidi ya kilomita 150 kaskazini ya mji huo, ambako Lawrence alikuwa ameshiriki kupanga makazi mapya. Huko waliokota magogo na vijiti vilivyotupwa ufukweni na mawimbi, wakajenga kijiji. Mchoro wa mhandisi haukuwapo. Kipimo kilikuwa mikono yao wenyewe: mtu anaweza kuinua gogo gani peke yake, na ni lipi linalomhitaji jirani?

Pengine utasema: huo ni mchezo wa watu walioshiba. Nami nakiri kwamba baadhi ya mambo yao hayangekubalika kwetu. Katika dansi moja ya Anna iliyoanza mwaka 1965, wachezaji walivua nguo zote polepole na kuvaa tena, na huko huko Marekani kulizuka zogo. Lakini mtu haachi kula samaki kwa sababu ya miiba. Tutazame matunda.

Mwaka 1966 mjini Portland, na tena mwaka 1970 katika mji huo huo, zilifunguliwa chemchemi mbili zilizobuniwa na ofisi ya Lawrence. Miji mingi huweka chemchemi katikati ya uwanja na kuizungushia uzio ili watu waitazame. Hizi zilijengwa kwa ngazi za zege na maporomoko ya maji, mtu aweze kupanda, kukaa na kutia miguu majini. Zipo hadi leo. Aidha, mwaka 1969 alitoa kitabu kilichoeleza njia yake: kwanza tazama mlicho nacho, kisha andikeni mwongozo, kisha tendeni, kisha mpime matokeo na kuanza tena. Njia hiyo aliitumia katika warsha za raia wa kawaida, ambao walitembea kwanza katika mji wao ndipo wakakaa kuzungumza mji huo upangweje.

Anna naye alipata mtihani wake. Mwaka 1972 aligundulika kuwa ana saratani. Alitibiwa hospitalini kama mgonjwa yeyote, na sisemi hata kidogo kwamba dansi ndiyo iliyomponya. Ila baada ya hapo alibadili mwelekeo. Alifanya kazi na wagonjwa wa saratani, na baadaye na watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, akiwasaidia kukaa tena kwa amani ndani ya miili yao. Maana mwili nao ni nyumba, na mtu anaweza kuhamishwa humo na hofu kabla mauti hayajafika.

Ndugu msikilizaji, mafunzo ya watu hawa ni mepesi kuyasema na magumu kuyafuata. Karatasi ya ramani haina mgongo, haichoki, wala haibebi mtoto. Anayechora kwa jicho peke yake atajengea jicho. Hatuhitaji kwenda California ili tulijue hilo. Kabla msingi haujachimbwa, fundi hupiga vigingi na kuvuta kamba. Hapo ndipo pa kusimama kwanza. Mwite bibi apite mlangoni na mkongojo wake. Mwite anayepika ainame pale jiko litakapokuwa, na moshi uonekane unaelekea wapi. Mwite mtoto abebe ndoo kutoka bombani. Kamba ikimkwaza mmoja wao, kuing'oa ni kazi ya dakika moja. Ukuta hung'olewa kwa nyundo na fedha.

Kama ni zahanati, basi mgonjwa naye aitwe. Siku ile mama yangu alipokwisha kupokea vidonge vyake alivihesabu kiganjani, akalitazama lile dirisha juu yake, akaniambia, "Mwanangu, hawa walijenga vizuri, ila hawakutuuliza." Ingetosha kumwita mama mmoja siku ile kamba inavutwa.